Kinu, Magadi na Ndoto ya Kuongeza Thamani ya Madini

Miezi michache iliyopita mwanafunzi wa shahada ya uzamili alisimama mbele ya jopo la wahadhiri kutetea pendekezo lake la utafiti. Alitaka kuchukua madini ya selestiti, kuyachanganya na magadi, kisha kuyasaga pamoja katika kinu cha gololi hadi yageuke kuwa madini mengine kabisa. Hakuomba tanuri wala mapipa ya tindikali. Mwenzangu mmoja katika jopo lile, msomi ninayemheshimu, alitabasamu akasema: "Binti yangu, hiyo si kemia. Hiyo ni kutwanga." Ukumbi ukacheka. Pendekezo likarudishwa "likaboreshwe".

Nami nilicheka, kidogo. Sikusema neno. Nilijua kwamba alichopendekeza binti yule kina msingi imara wa kisayansi, lakini nilinyamaza kwa sababu saa ilikuwa imekwenda na kwa sababu si jambo jepesi kumpinga mwenzako mbele ya wanafunzi. Makala haya ni deni ninalolilipa. Ni makala kuhusu strontiamu, lakini ni zaidi kuhusu namna tunavyolielewa, au tusivyolielewa, neno ambalo wanasiasa wetu wamelitamka mara nyingi kuliko yote katika sekta ya madini: kuongeza thamani.

Tuanze na jiwe lenyewe. Strontiamu imepewa jina la Strontian, kijiji cha Uskoti ambako wachimbaji wa risasi walikuta jiwe lisilofanana na yale waliyoyazoea. Mwaka 1790 daktari Adair Crawford alitambua kwamba ndani yake mna kitu kipya, na mwaka 1808 Humphry Davy akaitenga elementi hiyo kwa nguvu ya umeme. Msomaji asiichanganye na strontiamu-90, ile yenye mionzi inayotokana na mpasuko wa nyuklia. Strontiamu ya kwenye mawe haina mionzi. Ndiyo inayozipa fataki rangi yake nyekundu. Ndiyo iliyomo katika sumaku nyeusi za bei nafuu zilizo ndani ya spika za redio na mota ndogo za magari.

Strontiamu hupatikana katika madini mawili makuu. La kwanza ni selestiti, yaani strontiamu salfeti, linalochimbwa katika nchi kama Hispania, Meksiko, Iran, Uturuki na China. La pili ni strontianiti, yaani strontiamu kaboneti. Shida ni kwamba ardhi imejaliwa zaidi selestiti, ilhali viwanda vinataka kaboneti, kwa kuwa salfeti ni sugu na haikubali kuyeyuka kirahisi katika tindikali, na kaboneti ndiyo mlango wa kutengenezea karibu kila kitu kingine. Kwa hiyo anayechimba selestiti na kuiuza kama ilivyo anauza jiwe. Anayeigeuza kuwa kaboneti anauza malighafi ya kiwanda. Kati ya wawili hao pana hatua moja tu ya kikemia, na hatua hiyo ndiyo inayogawa faida.

Njia kuu ya viwandani ya kuivuka hatua hiyo ni ya moto. Selestiti huchanganywa na makaa na kuchomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za selsiasi. Salfeti inageuka salfaidi, ambayo huyeyushwa katika maji ya moto, kisha hupitishiwa kabonidayoksaidi au kuchanganywa na magadi ili kaboneti ijitenge. Kabonidayoksaidi ikitumika, hutoka gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo kwa wingi huua. Njia hii hufanya kazi vizuri, lakini inadai tanuri kubwa, nishati nyingi, mitambo ya kunasa gesi ya sumu, na mtaji wa kuvigharimia vyote hivyo.

Ipo njia ya pili: kuchemsha unga wa selestiti katika maji yenye magadi. Maumbile yenyewe yako upande wetu hapa. Lita moja ya maji huyeyusha takriban miligramu 130 za strontiamu salfeti, lakini takriban miligramu 10 tu za kaboneti. Maana yake ni kwamba strontiamu ikipewa nafasi ya kuchagua, itaiacha salfeti na kushikamana na kaboneti. Kinachozuia ni utando. Kaboneti mpya hujijenga juu ya kila chembe ya selestiti kama ukoko juu ya sufuria, na kilichomo ndani kinabaki kimefungiwa, hakifikiwi na magadi.

Hapo ndipo kinu kinapoingia. Kinu cha gololi ni pipa linalozunguka likiwa na gololi za chuma au za kauri ndani yake. Kila gololi inapoanguka huvunja chembe na kufungua uso mpya, huvuruga mpangilio wa fuwele na kuacha dosari ambazo huifanya iwe tayari zaidi kumenyuka, na huukwangua ule ukoko kabla haujawa ukuta. Kusaga na kumenyuka vinakuwa tendo moja. Baadaye mchanganyiko huoshwa kwa maji. Sodiamu salfeti, ambayo huyeyuka kwa urahisi, huondoka na maji, na strontiamu kaboneti hubaki. Hilo limefanyiwa kazi katika maabara za Uturuki, Slovakia na Iran, na matokeo yake yamechapishwa. Wanasayansi huuita uwanja huu mekanokemia. Mwanafunzi wetu hakuwa anabuni ndoto.

Wala si uwanja mchanga. Theophrastus wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba zebaki hupatikana kwa kusaga jiwe lake jekundu pamoja na siki ndani ya kinu cha shaba kwa mchi wa shaba. Mwaka 1820 Michael Faraday alisaga kloridi ya fedha pamoja na zinki na kupata fedha. Mwishoni mwa karne ya 19, Matthew Carey Lea wa Philadelphia alionyesha kwamba baadhi ya chumvi za fedha na zebaki huvunjika kwa kusagwa ilhali zikipashwa moto hutenda vingine. Aliposema hivyo alikuwa amethibitisha jambo kubwa, kwamba nguvu ya mchi haibadiliki tu kuwa joto, bali ina njia zake yenyewe za kufanya kemia. Mwenzangu aliyesema "hiyo ni kutwanga" alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kutwanga na kemia ni vitu viwili.

Sasa nije kwetu. Nitangulize tahadhari: hoja yangu si kwamba Tanzania igeuke kesho kuwa taifa la strontiamu. Soko la strontiamu duniani ni dogo. Hoja yangu ni kwamba mfano huu mdogo unatufundisha jambo ambalo mijadala yetu mikubwa imelikwepa.

Tunakumbuka Machi 2017, pale Rais John Magufuli alipozuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi. Tunakumbuka makontena 277 bandarini Dar es Salaam, kamati mbili za wataalamu, sheria mpya za mwezi Julai mwaka ule, na baadaye kuundwa kwa kampuni ya Twiga ambamo serikali ina hisa asilimia 16. Wako waliosifu na wako waliolaani. Mimi sirudi kwenye ugomvi huo. Ninachosema ni kwamba tangu wakati ule tumejenga mazoea ya kuitafsiri "thamani" kama jambo la kisheria na kimkataba: nani anamiliki, nani anatoza, nani anakagua kontena. Hayo ni muhimu. Lakini sheria inaweza kulizuia jiwe lisitoke. Haiwezi kuligeuza. Anayeligeuza ni mtu mwenye maarifa, kitendanishi na mtambo. Bila hao watatu, jiwe lililozuiwa litabaki kuwa jiwe lililozuiwa.

Na tunapozungumzia mtambo, akili zetu hukimbilia kiwanda kikubwa cha kuyeyushia, chenye bomba refu la moshi na mwekezaji wa mabilioni. Tunapomkosa tunasema kuongeza thamani hakuwezekani. Mekanokemia inatuuliza swali la adabu: je, hakuna ngazi ya katikati?

Tazama tulivyo navyo. Kwanza, kitendanishi. Neno la Kiswahili "magadi" ndilo jina la ziwa la Kenya linalochimbwa kibiashara tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na upande wa Tanzania kuna Ziwa Natron na bonde la Engaruka. Magadi ambayo bibi zetu hutia kwenye makande ili yaive haraka ni ndugu wa karibu wa sodiamu kaboneti inayohitajika katika kinu cha yule mwanafunzi. Ol Doinyo Lengai, mlima ulio kusini mwa Natron, ndio volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya magadi, na moja ya madini yanayounda lava hiyo limepewa jina la nyerereiti kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Lava hiyohiyo ina strontiamu ndani yake. Jirani zetu wa Malawi wana kilima cha Kangankunde, chenye strontianiti pamoja na monaziti, jiwe la madini adimu ambayo dunia inayagombania leo. Nalo monaziti, kama selestiti, limekwisha kufanyiwa majaribio ya kusagwa pamoja na soda kali ili kulivunja bila joto kubwa. Anayejifunza kusaga strontiamu hajifunzi strontiamu peke yake.

Pili, ujuzi. Nenda Geita, nenda Chunya, utakuta makarasha yakinguruma mchana na usiku. Wachimbaji wadogo wanajua gololi zikizidi pipa halizunguki vizuri, zikipungua unga hauwi laini. Wanajua kwa mlio tu kwamba jiwe limekwisha kusagika. Huo ni ujuzi wa uhandisi, hata kama hakuna cheti kilichotundikwa ukutani. Ni huzuni ya aina yake kwamba ujuzi huo umefungwa ndoa na zebaki, na kwamba tendo la kale kuliko yote la mekanokemia lililoandikwa lilikuwa la kuitoa zebaki kwenye jiwe. Binti yule aliniambia baadaye, nilipomwita ofisini kumwomba radhi: "Daktari, mimi nimekulia kwenye karasha. Baba mdogo ana karasha mbili. Nilidhani nimeleta kitu ninachokijua." Sentensi hiyo haijanitoka.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo nieleze na upande wa pili. Mekanokemia si uganga.

Kuna hesabu ya mizani. Kwa uwiano wa mmenyuko, kilo 1,000 za strontiamu salfeti safi zinahitaji kilo 577 za sodiamu kaboneti, na zikimenyuka zote hutoa kilo 804 za strontiamu kaboneti na kilo 773 za sodiamu salfeti. Zao la pili linakaribia la kwanza kwa uzito. Sodiamu salfeti ina wateja katika sabuni za unga, vioo na karatasi, lakini asiyekuwa na mteja atakuwa na mlima wa chumvi, na mlima huo ukiachwa utaishia mtoni. Mwanaharakati yeyote ana haki ya kuuliza swali hilo kabla kinu cha kwanza hakijawashwa.

Kuna umeme. Kinu hakichomi makaa, lakini kinakula umeme kwa saa nyingi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo huishia kuwa joto na kelele. Katika maabara tunasaga gramu. Kutoka gramu hadi tani si safari ya kuzidisha tu, kwa kuwa namna gololi zinavyogonga katika chombo cha ngumi moja si namna zinavyogonga katika pipa la ukubwa wa chumba.

Kuna uchafu wa chuma. Gololi nazo huliwa, na chuma chake huingia katika unga. Kwa anayetengeneza sumaku za feriti hilo si janga, kwa kuwa sumaku hizo kwa sehemu kubwa ni oksaidi ya chuma. Kwa anayetengeneza kioo ni hasara, kwa kuwa chuma hukitia kioo rangi ya kijani. Ni lazima ujue unamsagia nani.

Kuna vumbi. Wachimbaji wetu wanazikwa na mapafu yaliyojaa vumbi la mawe ya silika. Kinu kilicho wazi, kinachosaga kikavu ndani ya banda lisilo na hewa, hakiwi salama kwa sababu tu profesa amekipa jina la Kigiriki. Kisagwe kwa maji pale inapowezekana, pipa lifungwe, na barakoa zisiwe za kupigia picha siku ya uzinduzi.

Kuna mazingira. Ziwa Natron ndilo mazalio makuu ya flamingo wadogo wa Afrika Mashariki, ndege ambao Kiswahili fasaha kinawaita heroe. Anayesema "magadi tunayo" lazima amalizie sentensi yake: tunayo wapi, na nani mwingine anaishi hapo.

Na kuna soko. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa strontiamu kaboneti alikuwa kioo cha televisheni ya rangi, yale makasha mazito yenye tumbo nyuma, kwa kuwa strontiamu huzuia mionzi ya eksirei isimfikie mtazamaji. Zilipokuja televisheni bapa, soko hilo liliporomoka ndani ya miaka michache. Waliokuwa na kiwanda cha zao moja walifunga. Waliokuwa na maarifa walihamia kwenye sumaku na matumizi mengine. Nadhani somo liko wazi: thamani ya kudumu haimo ndani ya jiwe, imo ndani ya uwezo wa kubadilika nalo.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu, kila moja kwa kundi la wasomaji wangu.

Kwa watumishi wa umma. Sheria yetu ya madini inatofautisha leseni ya uchenjuaji, ya uyeyushaji na ya usafishaji. Mgawanyo huo ulitungwa tukiwa tunafikiria moto na tanuri. Kinu kinachogeuza madini bila kuyeyusha kitaangukia wapi? Afisa atakayepokea ombi la namna hiyo asilikatae kwa sababu tu halifanani na fomu, wala asilipitishe kama kusaga kokoto, kwa sababu kuna kemia na taka zake ndani yake. Na mnapopanga bajeti za vifaa vya vyuo, kumbukeni kwamba kinu cha maabara ni rahisi kukarabati kuliko tanuri. Katika taasisi moja niliyowahi kufundisha, tanuri lilikaa zaidi ya mwaka mzima likisubiri kipuri kimoja, na wanafunzi wakahitimu wakiwa wamelichora tu. Gololi na mota vinapatikana mjini.

Kwa wanaharakati. Mmefanya kazi kubwa kudai uwazi wa mikataba. Ongezeni swali moja katika orodha yenu: katika mkataba huu, hatua ipi ya kikemia inafanyika hapa na ipi inafanyika ng'ambo, na kwa nini? Mkiuliza "mrabaha ni asilimia ngapi" mtajibiwa kwa asilimia. Mkiuliza kuhusu hatua, mtamlazimisha anayejibu aonyeshe mahali thamani inapozaliwa.

Kwa wanafunzi. Msione haya kuleta darasani kile mnachokijua kutoka nyumbani. Ila kileteni kikiwa kimepimwa. Karasha la baba mdogo si utafiti. Linakuwa utafiti unapoandika kasi ya mzunguko, uzito wa gololi, muda wa kusaga, na kiasi cha kaboneti kilichopatikana, ukarudia mara tatu, na ukakubali kuandika kwamba mara ya pili ilishindwa.

Na kwetu sisi wahadhiri nina neno moja, ninalojiambia mwenyewe kwanza. Tumelelewa kuamini kwamba sayansi ya kweli ni ile inayokuja ndani ya kreti, ikiwa na kitabu cha maelekezo kwa lugha ya kigeni. Kinachofanana na kinu cha uani kwetu tunakionea aibu, na aibu hiyo tunaivisha joho la ukali wa kitaaluma. Wenzetu wa Ankara na Košice hawakuona haya kusaga. Walisaga, wakapima, wakachapisha, na sasa sisi tunawanukuu.

Pendekezo la yule mwanafunzi limerudi mezani. Nimekubali kumsimamia. Ameongeza ukurasa kuhusu taka za sodiamu salfeti na mwingine kuhusu vumbi, na ameomba ruhusa ya kutumia karasha moja la baba yake mdogo, baada ya kulisafisha zebaki yote, kwa majaribio ya kilo badala ya gramu. Jopo litakutana tena mwezi ujao. Sijui wenzangu wataamua nini. Safari hii, akisema mtu kwamba hiyo ni kutwanga, nitanyoosha mkono na kusema: ndiyo, na tuanze kupima.